Mama Bahati wa Rubondo

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni Mwanga, hapa Kigoma, ananiuliza, "Tabu, Uganda vipi?" Nami nasema, "Safi tu," halafu naulizia dagaa. Naona mmeanza kuninunia. Asha amefika mbali zaidi, amewaambia watu nimerudi na maringo, eti mtu hawezi kukaa muhula mzima nchi ya watu akarudi na maneno mawili. Haya basi. Leo nimeinjika maharage, yale magumu yasiyoiva upesi, nimekaa kwenye kigoda na kalamu. Mambo ya fomu za chuo na mihuri nayaruka, hayana ladha yoyote. Wanaotaka picha za ng'ombe wenye mapembe marefu waje nyumbani, zipo kwenye simu.

Ila kuna jambo moja wengine hamlijui, na bila hilo hamtanielewa. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa mchanga kabisa. Bibi alibaki na mimi mkononi, na maziwa ya kopo nilikuwa nayatapika yote. Nyumba ya pili alikuwa akikaa mama mmoja Mkongo kutoka milima ya Fizi, amevuka Tanganyika kukimbia vita, naye ana mtoto mchanga wa kiume anaitwa Bahati. Mama Bahati alinichukua akaninyonyesha upande mmoja, Bahati upande wa pili, na ndivyo nilivyopona. Nilikuwa namwita mama. Nililala kwake kuliko nilivyolala kwetu. Halafu siku moja, nikiwa darasa la kwanza, nilirudi kutoka shule nikakuta mlango wake uko wazi na ndani hamna mtu wala godoro. Bibi akaniambia wamekwenda sokoni. Nikakaa kibarazani kuwasubiri. Kesho yake nikakaa tena, na wiki iliyofuata pia.

Hawakurudi. Kuondoka kwao sikukushangaa sana, wakimbizi huhama, hilo hata mtoto wa Kigoma analijua. Kilichoniuma, na kimeniuma mpaka ukubwani, ni kwamba hakuniaga. Kwa hiyo chuo kilipotangaza kwamba wanafunzi wachache wa uuguzi watakwenda kusoma muhula mmoja Mbarara, na muuza vitenge mmoja alikuwa ameshaniambia Mama Bahati yuko kambi ya Nakivale, huko huko upande wa Mbarara, mimi sikuuliza posho wala malazi. Wenzangu walitaka kuona hospitali kubwa. Mimi nilitaka kumwona Mama Bahati nimuulize swali moja.

Kigoma mpaka Mutukula

Kasulu tulipita vizuri, Kibondo tukanunua ndizi, na mbele kidogo ya Kakonko springi ya basi ikakatika. Dereva akashuka, akachungulia chini, akavua shati. Dereva akivua shati ujue hapo mmefika. Kondakta akadandia lori la mkaa kurudi kutafuta springi nyingine, nasi abiria tukatandika khanga kando ya barabara, jua likatuchoma.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kihaya, mnene, anarudi kwao kutoka msibani. Alifungua ndoo yake ya chakula bila kuombwa, akawagawia watu ndizi za maharage kama vile yeye ndiye mwenye basi. Mimi akanipa mara mbili, kisha akaanza kunihoji.

"Binti, unakwenda wapi peke yako?"

"Mbarara, mama. Nakwenda kusoma uuguzi, muhula mmoja."

"Wagonjwa wa Uganda wana nini ambacho wa kwetu hawana?"

Nikaendelea kutafuna.

"Na huko unapokelewa na nani?"

"Na mama yangu," nikasema. Lilitoka lenyewe. Yule mama akatikisa kichwa, akaridhika, akaniambia basi nisiwe na wasiwasi. Njia nzima iliyobaki nilikuwa najiuliza kama nimedanganya.

Springi ilikuja jioni. Bukoba tulifika hoi, na kesho yake nikavuka Mutukula kwa miguu, begi kichwani. Upande wa pili nilimpa shikamoo mama mmoja muuza chapati. Akaniangalia kuanzia usoni mpaka viatuni, akacheka, akaniuliza kama nataka na mayai. Huko mayai yanakaangwa yakaviringishwa ndani ya chapati, wanaita roleksi, na nikirudi tena Uganda kwa lolote lile nitaanzia hapo. Ila shikamoo yangu ilibaki hewani, hakuna aliyeipokea. Siku hiyo ndiyo niliyojua niko ugenini.

Nyamitanga

Chuo kilinipangia chumba Nyamitanga, ukivuka mto Rwizi, kwenye nyumba ya mke wa askari. Anaitwa Mama Apio, ametoka kaskazini, na mume wake ni sajenti wa jeshi pale kambini kwao, barakisi wanavyoita. Mama Apio alinifungulia mlango na neno la kwanza likawa, "Wewe mutoto iko nyembamba namna hii? Kuja kula." Nikala katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo, asubuhi ya kwanza na asubuhi zote zilizofuata.

Sasa nisikilizeni jambo la Kiswahili. Sisi Kigoma tukiongea Kiswahili tumeongea tu. Mbarara si hivyo. Siku ya pili nilikwenda sokoni, nikamsalimia muuza nyanya kwa heshima zangu zote, "Mama, naomba nyanya fungu moja." Yule mama akasimama wima. Majirani zake wakageuka. Akanijazia mfuko, akaongeza vitunguu ambavyo sikuvitaja, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bwana yako ni afande?" Nikasema sina bwana. Hakuniamini, akaongeza na pilipili.

Nilipomsimulia sajenti alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Ni mtu mrefu, mpole, anapenda kukaa nje akisikiliza redio.

"Hapa Kiswahili ni ya jeshi," akasema. "Kiswahili ya sisi ni ya 'simama hapo, toa kitambulisho'. Ya kwako iko tamu, lakini wao hapana jua. Wanaogopa tu."

Baada ya hapo kila jioni alikuwa ananiomba nimsimulie chochote, hata habari za samaki, asikie Kiswahili kisichoamrisha mtu. Nilimsimulia sana. Nilikuwa na hamu ya kwetu, na kuongea kulinisaidia kulala.

Nilidhani nitakwenda Nakivale wiki ya kwanza. Metroni wa wodi akasema mgeni hatoki mji mpaka ajue wodi yake. Wodi yenyewe ilikuwa ya wazazi, na wazazi wengine walikuwa Wakongo kutoka Nakivale, hawajui Kinyankore wala Kiingereza. Basi ikawa kila akija mmoja, "Mwiteni Mtanzania." Nikawa mkalimani kabla sijawa muuguzi. Na kila niliyemfasiria nilimuuliza, "Unamfahamu Mama Bahati wa Fizi?"

Wote walisema ndiyo. Wa kwanza nikafurahi hadi nikamkumbatia. Wa pili akasema Mama Bahati ni mfupi, mweusi, ana duka la chumvi. Wa tatu akasema ni mrefu, mweupe, mke wa pasta. Wa nne akaniangalia kwa huruma, akasema, "Dada, hata mie niko Mama Bahati."

Kabazana, kwa ushauri wa sajenti

Ruhusa ilipotoka, sajenti akanipa maelekezo kwa uhakika wote. "Wewe shuka Kabazana. Wakimbizi yote inapita pale. Uliza, watakuonyesha." Nikapakia sukari, sabuni na kitenge kizuri nilichotoka nacho Kigoma, nikashuka Kabazana.

Kabazana ni pale wanapopokelewa waliofika juzi na jana, wanaandikishwa, wanakaa kwenye mahema marefu wakisubiri kupewa viwanja. Mama Bahati alikuwa ametua Nakivale miaka mingi iliyopita. Pale hakukuwa na mtu anayejua hata choo kiko wapi, watamjua Mama Bahati? Watu walikuwa wamepanga foleni na masufuria mikononi, watoto wamevaa makoti ya watu wazima, na kila mmoja akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa na viatu safi, kama ndiye mgawaji. Nilisimama katikati ya vumbi lile nikaona haya. Nilikuja kumtafuta mama yangu, na hao wengi walikuwa wanatafuta wa kwao pia.

Mkaanga mandazi mmoja nje ya uzio ndiye aliyeniokoa. "Mama Bahati? Mumoja anakaa hapa karibu. Pandisha ile njia." Nikapandisha ile njia.

Nyumba ya udongo, imepakwa vizuri, mlangoni mwanamke mfupi anachambua mchicha. Alinitazama, nikamtazama. Uso sikuujua. Nikajiambia miaka ni mingi, watu hubadilika. Nikasema, "Mama, mimi ni Tabu, wa Kigoma." Akainuka, akanishika mikono yote miwili, akanikaribisha ndani. Aliniletea maji ya kunawa. Akasonga bugali, akaleta lengalenga, ndiyo ule mchicha, na ndakala, dagaa kama hawa wetu, akakaa mbele yangu akiniangalia ninavyokula. Mimi nalia, natafuna, nalia. Nilimaliza sahani, akaniongeza, nikamaliza tena. Alipoondoa vyombo ndipo akasema taratibu kabisa:

"Bon. Sasa tuongee. Mie sikujui, mwana wangu."

"Hunijui?"

"Hapana. Nilijua tangu mulangoni ya kama unatafuta mwingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwetu mugeni anakulaka kwanza, kisha anasema habari yake. Ningekuambia mbele ya chakula, ungekula na huzuni. Ao ungeenda na njala. Sasa unatafuta Mama Bahati gani?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa kwa sababu nilikuwa nimeshiba. Nikamweleza: wa Fizi, aliyekaa Kigoma, mrefu, ana pengo mbele, anapenda kuimba. Akapiga makofi mara moja. "Ule anaimbaka ku korali ya kanisa! Yeye iko Rubondo." Akajifunga kitenge, akafunga mlango, akanitafutia pikipiki na akapanda na yeye nyuma yangu, ili nisipotee tena.

Rubondo

Tulipita mashamba ya mahindi na maharage, vilima visivyo na miti mingi, ziwa la Nakivale linaonekana kwa mbali. Njiani nilikuwa nayapanga maneno. Nitaanza na shikamoo. Nitalia kidogo, nimwache na yeye alie. Halafu nitauliza.

Alikuwa kwenye kimeza chake cha kuuzia mawese, kando ya njia. Safari hii uso niliujua kabla pikipiki haijasimama. Pengo lake lile lile. Nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Alikuwa anampimia mteja mafuta kwenye chupa, akainua macho, akaniona, akaendelea kupima mpaka chupa ikajaa, akaifunga, akampa mwenyewe. Kisha akafuta mikono.

"Ulishakula?" akasema.

Nilisimama pale barabarani na begi langu. Nikasema nimekula kwa Mama Bahati mwingine.

"Chakula yake haina chumvi," akasema. "Ingia ndani, nitakupashia sombe."

Kisamvu cha kupasha, hicho ndicho nilichopata baada ya miaka yote. Hakuna kilio, hakuna kukumbatiana, hakuna "jamani umekuwa mkubwa." Yule mama mwenzake akanikonyeza, akarudi zake na pikipiki. Mimi nikaingia ndani nikakaa mahali nilipoonyeshwa. Niliudhika kwa kweli. Ila kile kinyongo nilichokaa nacho moyoni tangu kibarazani Kigoma kililegea kidogo, maana alinipakulia, akakaa karibu sana nami kwenye mkeka, na goti lake likabaki limegusa la kwangu muda wote nilipokuwa nakula.

Akaniambia Bahati yuko Kampala, anashona nguo. Akampigia simu, Bahati akaniita dada kwa sauti ya kiume nisiyoijua, akaniuliza kama bado nalia ovyo. Nikamwambia kidogo tu siku hizi. Nikacheka mpaka machozi yakatoka, basi akawa amepata ushahidi.

Swali sikuuliza siku ile. Nililikaribia mara moja, nikasema, "Mama, ulipoondoka Kigoma..." Akainuka. "Sombe itaungua," akasema. Sombe ilikuwa imeshaepuliwa.

Jumapili zangu zote

Basi ikawa ndiyo maisha yangu. Siku za wiki wodini Mbarara, Jumamosi Rubondo. Nilitwanga majani ya muhogo, nikapalilia maharage yake, nikapima mawese, nikafundishwa kusonga bugali kwa mwiko mzito kama wao maana wa kwangu alisema ni uji wa mgonjwa. Usiku tulilala kitanda kimoja na alikuwa ananivuta shuka. Jumatatu wodini nilikuwa nanuka moshi, metroni ananusa hewa ananiangalia, mimi nimetulia.

Na kila Jumapili, saa ya kurudi mjini ikikaribia, Mama Bahati anapotea. Naingia ndani kuchukua begi, nikitoka hayupo. Mara amekwenda kuchota maji, na mitungi imejaa. Mara amekwenda kumtazama mgonjwa. Jumapili moja alisema, "Naangalia mbuzi," na hana mbuzi. Nilikuwa nasimama mlangoni nimeshika begi, mtu mzima wa chuo, namsubiri kama nilivyomsubiri kibarazani Kigoma. Nikaanza kuamini kwamba hanipendi kiasi ninachompenda. Mtu anayekupenda atakosaje kukusindikiza hata mpaka barabarani?

Mama Apio nilipomwambia alisema pengine mama huyo ana deni moyoni. Sajenti akasema, "Uliza yeye. Wewe naogopa nini?" Nilikuwa naogopa jibu. Nikiuliza akasema alikuwa amenichoka, ningefanya nini na muhula uliobaki?

Siku niliyosimama kanisani

Muhula ulikwisha. Nyie mnanijua mimi na kuaga. Sisi huku mtu akisafiri kwenda Uvinza tu anaaga mtaa mzima, asipofanya hivyo anaitwa mchawi. Jumapili ya mwisho nikampelekea mwalimu wa kwaya ombi kwamba nisimame nishukuru, naye akakubali bila kumwambia Mama Bahati, tukaona itakuwa furaha ya kumshtukiza.

Kanisa la Rubondo ni la mabati na mabenchi ya mbao, na lilijaa. Mwalimu akaniita mbele. Nilikuwa nimevaa kitenge kile kile nilichomletea, yeye alikataa kukivaa akasema nikivae mimi. Nikawashukuru watu wote. Nikamtafuta kwa macho kwenye safu ya wanawake wa kwaya, nikamwona, nikasema, "Na wewe mama yangu, uliyeninyonyesha, nimekuja mbele ya hawa wote ili nikuag..."

Aliinuka. Alitoka katikati ya kwaya, akapita mbele yangu na mbele ya pasta, akatoka nje ya kanisa. Watu wakageuza shingo kuangalia mlangoni. Mwalimu wa kwaya akanipokonya kipaza sauti polepole, wakaanza wimbo, na wimbo wenyewe ulivurugika.

Nilimfuata. Nilimkuta nyuma ya kanisa, kwenye shamba la watu, anang'oa magugu yasiyo yake. Nilikuwa na hasira zilizochanganyika na aibu, na swali langu likatoka bila kupangwa.

"Mama, nimekukosea nini? Kigoma uliondoka hukuniaga. Kila Jumapili unanikimbia. Leo umeniaibisha mbele ya watu. Kama hunitaki niambie, niende nikijua."

Aling'oa jani moja zaidi, akalitupa. Kisha akakaa chini kwenye udongo na nguo zake za kwaya.

"Bibi yako hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kwetu ku milima," akasema, "mutoto uliyemunyonyesha unamuagaka mara moja tu. Ile siku ya kumuachisha ziwa. Unamupakata, unamuambia kwaheri, maziwa imeisha, sasa enda kwa batu. Wewe nilikuaga hivyo, bibi yako iko anaangalia. Ulilia siku mingi. Bon. Kumuaga mara ya pili ni kumuachisha na mama mwenyewe. Unamuambia sasa hata mie siko wa kwako. Batu banafanyaka vile, kama mutoto amekuwa mubaya ao amekufa. Mie ningefanya vile namna gani? Ulikuwa na kidaftari yako ya shule."

Nikakaa na mimi chini.

"Kwa hiyo ulisema unakwenda sokoni."

"Nilisema naenda ku soko."

"Mama, miaka yote hiyo?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Uganda niliona machozi yake.

"Soko ilikuwa mbali," akasema.

Nikakumbuka alivyoniuliza kama nimekula, siku ile kwenye mawese, na nikaelewa kwamba kwake yeye nilikuwa nimetoka kidogo tu nikarudi. Halafu hofu ikanishika. Nikamuuliza, na kule ndani je? Si nimeshaanza kumuaga mbele ya kanisa zima?

"Sikusikia," akasema. "Nilitoka mbele ya wewe kumaliza."

Biharwe

Siku ya safari, kabla sijamaliza kufunga begi, Mama Bahati akabisha hodi Nyamitanga. Hajawahi kufika pale. Amevaa viatu vya kufunga na ana mfuko begani.

"Twende," akasema.

Mama Apio akatutazama wote wawili. "Wewe pia nakwenda Tanzania?"

"Naenda naye," akasema Mama Bahati, na hakuongeza neno. Sajenti akalibeba begi langu mpaka stendi. Yeye na mke wake niliwaaga vizuri, kwa mkono na kwa maneno yote, wakanibariki, na Mama Bahati alisimama pembeni anaangalia upande mwingine mpaka tukamaliza.

Basi la kwenda upande wa Masaka lilikuwa nusu tupu. Nilikaa dirishani, yeye akakaa kiti cha pili. Kondakta alipopita, Mama Bahati aliinama mbele akamnong'oneza, akamlipa nauli yake mwenyewe, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye begi. Basi likaondoka. Akaanza kuzungumza, na hakuacha. Alisema Jumamosi tutapalilia kile kipande cha chini, maharage yameanza kuzidiwa. Akasema mwiko wangu nimeushika vizuri siku hizi, bado mkono wa kushoto. Akasema mawese ya safari hii yana maji, atambadilisha yule muuzaji. Nami nikajibu kila kitu. Nikasema Jumamosi nitakuja mapema, kabla ya jua. Nikasema kipande cha chini kinahitaji jembe, si mkono. Nilikuwa nimeushika mkono wake na ulikuwa mgumu kwa kazi, na sikutaka basi lile liende mbio.

Biharwe basi likasimama kupakia watu. Wauzaji wakakimbilia madirishani na mahindi ya kuchoma. Mama Bahati akaunyanyua mkono wangu, akauweka juu ya goti langu mwenyewe, akasimama.

"Nashuka kidogo," akasema. "Ninunue mahindi."

"Sawa, mama," nikasema. "Usichelewe."

Akashuka. Nilimwona kupitia dirishani akipita kati ya wauza mahindi bila kusimama kwa yeyote, akavuka barabara, akaenda na mfuko wake begani. Hakugeuka. Sikumwita. Nililia kwa kweli, nawaambia, lakini nilikaa nimetulia kwenye kiti changu.

Kondakta akaja na abiria mpya, mwanaume mwenye koti.

"Dada, hapa kuna mutu?"

Nikaweka begi langu juu ya kiti.

"Kuna mtu," nikasema. "Amekwenda kununua mahindi. Anakuja."